Kibao cha Lugha Mbili na Swali Lililozua Ugomvi

Leo tunataka kulizungumzia jambo lililotokea mbali na kwetu, katika nchi ya New Zealand, kisha tulitazame kwa macho ya watu wa Pwani. Ni jambo la vibao vya barabarani. Huenda msomaji akacheka, akauliza, je, haya ndiyo yaliyobaki ya kuandikwa? Tunamwomba avute subira, kwani chini ya vibao hivyo yamefukiwa mambo mazito: roho za watu barabarani, lugha za mabibi zetu, na adabu ya kuuliza na kujibu.

Mwezi wa Mei 2023, mamlaka ya barabara ya New Zealand, ijulikanayo kwa jina la Waka Kotahi, iliwafungulia wananchi mlango wa maoni juu ya pendekezo la kuandika vibao vya barabara kwa lugha mbili, Kimaori na Kiingereza. Hapakuwa na nia ya kung'oa vibao vyote kwa siku moja. Kibao kipya kingewekwa pale ambapo cha zamani kimechakaa au kimeharibika. Maoni yangepokelewa mpaka mwisho wa Juni. Tayari vibao vya namna hiyo vilikuwapo karibu na shule, juu pameandikwa kura, na chini yake neno la Kiingereza, kwa kuwa kura kwa Kimaori ni shule. Kwetu sisi kura ni ile tunayoipiga, na kwa yale yaliyofuata huko, maana zote mbili zilikuwa na nafasi yake, maana ulikuwa mwaka wa uchaguzi.

Mwezi ule ule, Bwana Simeon Brown, msemaji wa mambo ya uchukuzi wa chama cha National ambacho wakati huo kilikuwa cha upinzani, alisema kwamba majina ya mahali kuandikwa kwa Kimaori si neno, lakini vibao vya muhimu vibaki kwa Kiingereza, kwa sababu Kiingereza ndicho wanachokisema wote. Maneno kuzidi, akasema, ni kuwachanganya madereva, na mamlaka ingefanya vyema zaidi kuziba mashimo ya barabara. Basi kauli hiyo ikashika kama moto katika makuti. Waziri Mkuu wa wakati huo, Chris Hipkins, alidokeza kwamba haioni maana yake isipokuwa ni mwito wa chinichini kwa wenye chuki na Wamaori. Wamaori wengi wakaumia, na wengi wasiokuwa Wamaori wakaona aibu kwa niaba ya nchi yao. Neno “ubaguzi” likatamkwa mara nyingi kuliko neno “ajali”. Na upande wa pili nao wakang'aka: kumbe sasa hata kuuliza usalama wa barabara ni dhambi? Kila kundi likaondoka na hasira yake, na yule mtu wa katikati, aliyetaka tu kujua kama kibao cha lugha mbili kinaweza kumdhuru mwanawe, akabaki bila jibu.

Ni mtu huyu wa katikati ndiye anayetushughulisha sisi leo. Lakini kabla ya kumjibu, ni haki tuwaelewe wale waliokasirika, kwani hasira yao haikuzuka siku ile.

Mwaka 1867 ilipitishwa huko sheria ya shule za wenyeji, iliyofanya Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia watoto wa Kimaori. Katika miaka iliyofuata, watoto waliadhibiwa, wengine kwa fimbo, kwa kusema shuleni lugha waliyonyonya nayo. Watoto wale walipokuwa wazazi, wengi wao hawakutaka wana wao waonje yale waliyoyaonja, wakanyamaza. Na lugha hufa hivyo, nyumbani, kwa mapenzi ya mama anayemkinga mwanawe na fimbo. Wasomaji wetu waliopita shule za msingi za Kenya hawahitaji kuelezwa sana. Wanakikumbuka kile kibao kilichoitwa “diski”, alichovishwa mtoto aliyenaswa akisema lugha ya kwao, akakaa nacho mpaka amnase mwenzake ampe. Nchini Wales, katika karne ya 19, walikuwa na kipande cha mti cha kazi hiyo hiyo. Ajabu ni kwamba watu wasiojuana walibuni adhabu moja.

Mnamo Septemba 14, 1972, bibi mmoja kijana, Hana Te Hemara, pamoja na wenzake, walipeleka bungeni ombi lenye sahihi zaidi ya 30,000 kutaka Kimaori kifundishwe shuleni. Miaka 10 baadaye, 1982, zikaanzishwa zile nyumba za malezi ziitwazo kōhanga reo, yaani kiota cha lugha, ambamo mabibi na mababu wanaokijua Kimaori huketi na watoto wadogo na kuwasemesha kwa lugha hiyo tu, katika kula, kucheza na kuimba. Mama zetu wanaolea wajukuu watalifahamu jambo hili kuliko sisi tulioshika kalamu. Mwaka 1987 Kimaori kikawa lugha rasmi ya nchi. Hata hivyo, mpaka hesabu ya watu ya 2018, waliosema wanaweza kukizungumza walikuwa takriban 4 katika kila watu 100.

Basi mtu aliyeyapitia hayo, au ambaye bibi yake aliyapitia, akisikia kwamba lugha ile ni hatari barabarani, hasikii habari za barabara. Anasikia fimbo ya shule. Hilo tusilisahau tunapowalaumu.

Na lawama tunayo. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kwamba kuondoa udhia katika njia ni tawi miongoni mwa matawi ya imani. Kwa hivyo swali la usalama wa njia si swali la kudharauliwa, aliulize rafiki au hasimu. Mwaka 2022 barabara za New Zealand ziliua watu zaidi ya 370, katika nchi yenye watu kiasi cha milioni 5. Mwenye kuuliza kama jambo jipya litaongeza idadi hiyo anastahili kuonyeshwa ushahidi. Na la kusikitisha ni kwamba ushahidi ulikuwapo, mwingi, na ulikuwa upande wa hao hao waliokasirika.

Tuutazame, kwani una faida hata kwetu. Gari likienda kilomita 100 kwa saa hukata karibu mita 28 katika kila sekunde moja. Dereva akiondoa macho barabarani kwa sekunde 2 ili asome kibao, amekwenda mita 56, yaani zaidi ya nusu ya uwanja wa mpira, ilhali haoni mbele. Ndiyo maana wachoraji wa vibao hufanya kila hila dereva asihitaji kusoma. Umbo husema kabla ya herufi. Kule Ufaransa, kibao cha kusimama kimeandikwa STOP, neno la Kiingereza. Na Quebec, watu wasemao Kifaransa nchini Kanada, wameandika ARRÊT, neno la Kifaransa. Wafaransa wenyewe hawakuona tabu, ndugu zao wa ng'ambo wakaona. Lakini kote kuwili gari husimama kwa sababu dereva ameona wekundu na pembe 8, hata kama hajui kusoma herufi moja.

Uingereza ilipotaka kutengeneza vibao vyake upya katika miaka ya 1950 na 1960, kazi hiyo walipewa Jock Kinneir na Margaret Calvert. Waliacha mtindo wa kuandika majina yote kwa herufi kubwa, wakachanganya kubwa na ndogo, kwa sababu neno lenye herufi ndogo lina umbo lake linaloonekana kwa mbali kabla ya kusomwa. Bibi Calvert ndiye aliyechora kile kibao cha watoto wanaovuka njia, na akamfanya msichana kuwa ndiye anayemshika mkono mdogo wake na kumwongoza. Msichana huyo alijichora mwenyewe alivyokuwa utotoni. Kibao hicho hakihitaji lugha.

Sasa, yale yasiyochorika, kama vile majina ya miji na maonyo marefu, je, yakiandikwa mara mbili hayamchoshi dereva? Swali hili lilipimwa na wataalamu wa chuo kikuu cha Leeds, ambao utafiti wao ulichapishwa 2005. Waliwaketisha madereva katika mashine inayoigiza uendeshaji, wakawaonyesha mabango ya umeme yenye maandishi ya lugha moja na ya lugha mbili. Mabango ya mstari mmoja au miwili hayakuwasumbua, na hata bango la mistari 2 lenye lugha mbili halikubadilisha uendeshaji wao. Lakini bango la mistari 4 liliwafanya wapunguze mwendo na kujitenga zaidi na gari la mbele, liwe ni la lugha moja au la lugha mbili. Yaani kilichowalemea ni wingi wa maneno. Bango refu la Kiingereza kitupu lilikuwa na uzito huo huo, na hatujasikia mwanasiasa yeyote akilipigia kelele.

Uskoti nako, ambako vibao vya Kigaeli na Kiingereza vimeenea katika nyanda za juu, kulifanywa uchunguzi kwa niaba ya serikali, na taarifa yake ikatolewa 2012. Wachunguzi walikiri kwamba ni jambo la akili kudhani kibao cha lugha mbili kinamwongezea dereva kazi. Lakini walipotazama ajali zilizotokea, hawakuona ushahidi kwamba zimezidi kwa ajili ya vibao hivyo. Dereva huimeza kazi ile ya ziada, au hupunguza mwendo akaimaliza. Tumependa namna walivyojibu. Hawakumwambia muulizaji kwamba hana akili, wala hawakumwambia kwamba ana chuki. Walimwambia: dhana yako ina msingi, tumeipima, na haya ndiyo tuliyoyakuta.

Wales ndiko kwenye historia ndefu zaidi. Katika miaka ya 1960 na 1970 vijana wa chama cha lugha ya Kiwelisi walikuwa wakitoka usiku kupaka rangi vibao vya Kiingereza kitupu na kuving'oa, wakapelekwa mahakamani, na baadhi wakafungwa. Serikali ikaunda kamati chini ya Roderic Bowen, ambayo katika taarifa yake ya 1972 ilipendekeza vibao viandikwe kwa lugha mbili, Kiwelisi kikitangulia. Ugomvi wa lugha ipi ikae juu ukaendelea miaka mingi. Tangu 2016 vibao vipya huwekwa Kiwelisi juu. Leo mgeni aliyepita huko kwa gari, hata asiyejua kusalimu kwa Kiwelisi, hurudi kwao na neno moja, araf, maana yake polepole, kwa kuwa amelikuta limeandikwa barabarani katika kila kona. Zaidi ya miaka 40 ya vibao hivyo ilikuwa imekwisha pita siku Bwana Brown aliposimama kusema. Mamlaka ya New Zealand yenyewe iliutaja mfano wa Wales.

Tunauliza basi: kwa nini watu wenye hoja nzito kiasi hiki walichagua kutukana? Tunadhani ni kwa sababu tusi ni jepesi kubeba. Kumwita mtu mbaguzi ni neno moja. Kumweleza habari za Leeds na Uskoti kunahitaji robo saa na utulivu. Na mtu aliyeumia hana robo saa. Lakini wakubwa wa nchi hawakuwa na udhuru huo. Kiongozi aliye na majibu mkononi, akayaweka mfukoni ili apate kumshitaki mwenzake nia yake, amemwacha raia gizani, na amempa mshindani wake zawadi, maana watu wanapoona swali halijibiwi hudhani halina jibu. Sisi tumekatazwa kufuata dhana juu ya nia za watu, na hata asiyefuata dini yetu anaweza kuiona busara iliyomo: nia ya mtu huwezi kuithibitisha, ilhali urefu wa maandishi na idadi ya ajali unaweza kuvihesabu.

Muulizaji naye tusimwache aende zake. Kuuliza si ujinga, ndivyo tulivyolelewa kusema; lakini kuuliza kuna dalili zake. Anayeogopa kweli kwamba kibao kitaleta ajali hutaka kujua ukubwa wa herufi, rangi, nafasi baina ya mstari na mstari, na kibao kimewekwa mita ngapi kabla ya njia panda. Akijibiwa kwamba herufi zitakuzwa na lugha zitatofautishwa, hufurahi. Ama yule ambaye kila unapomwondolea hofu moja huleta nyingine, mara ajali, mara gharama, mara mashimo, na dawa yake ni ile ile moja, kwamba lugha ile iondolewe, huyo hofu yake si ya barabara. Tunawaachia wasomaji wapime maneno ya Bwana Brown kwa kipimo hicho. Sisi lililotusimamisha ni kwamba alikubali majina ya mahali yaandikwe kwa Kimaori, na majina ya mahali ndiyo yanayojaza vibao vikubwa vya njia kuu. Ikiwa maneno ya lugha mbili yanamchanganya dereva, yangemchanganya hapo kwanza.

Tena kuna hatari ya kweli katika vibao vya lugha mbili, na hii haikuzungumzwa sana katika makelele yale. Ni hatari ya tafsiri mbovu. Mwaka 2006, mjini Cardiff, uliwekwa ubao wa kuwaelekeza wanaovuka kwa miguu. Kwa Kiingereza uliwaambia watazame kulia. Kwa Kiwelisi uliwaambia watazame kushoto. Na Uingereza, kama kwetu, magari hupita upande wa kushoto, kwa hivyo anayeshuka ukingoni gari la kwanza humjia kutoka kulia. Mama mwenye kumshika mwanawe mkono, akaisoma lugha yake na kuitii, angempa gari mgongo. Mwaka 2008 baraza la Swansea lilimtumia mfasiri maneno ya kibao cha kuyazuia malori yasiingie njia ya makazi ya watu. Likarudi jibu la Kiwelisi, wakalichapa kibaoni na kukisimamisha. Kumbe ilikuwa barua inayojituma yenyewe, ikisema kwamba mfasiri hayupo ofisini kwa sasa, na kazi za kufasiriwa zitumwe. Watu walicheka sana, nasi tumecheka. Lakini tazama kilichojificha ndani ya kicheko: katika ofisi nzima hakuna aliyekisoma kibao kabla ya kukisimamisha. Lugha ile ilikuwa pambo kwao. Anayeitetea lugha kwa dhati angepaswa kuwa wa kwanza kuuliza juu ya usalama wa vibao hivi, na kuuliza kwa ukali zaidi kuliko mpinzani.

Ndugu zetu waliokwenda Oman na nchi za Ghuba kutafuta riziki, na mahujaji wetu, wanajua kwamba huko barabara zote zimeandikwa Kiarabu na Kiingereza, lugha moja yatoka kulia na nyingine yatoka kushoto, juu ya ubao mmoja. Katika njia kuu ya kutoka Jidda kwenda Makka, ubao unaomwelekeza asiye Mwislamu njia yake ya kando umeandikwa kwa lugha zote mbili, na haungekuwa na maana yoyote kama ungeandikwa kwa Kiarabu pekee, kwani unamsemesha mgeni. Hapo ndipo jambo linapofunguka. Kibao hakiwekwi kwa ajili ya aliyekiandika.

Tukirudi kwetu, tunaliona swali la New Zealand limegeuka likatutazama. Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 7, imesema lugha rasmi za Jamhuri ni Kiswahili na Kiingereza. Lakini ukishika njia kutoka Mombasa kwenda Malindi, maonyo unayokutana nayo kwa sehemu kubwa ni Kiingereza. Hakuna aliyewahi kusimama jukwaani akauliza kama vibao vya lugha moja ni salama. Wako mama zetu waliohitimu Msahafu, wanaosoma Kiswahili kwa herufi za Kilatini na kwa herufi za Kiarabu, na neno la Kiingereza lililoandikwa mbele ya barabara iliyofukuliwa haliwaambii kitu. Mama huyo haendeshi gari, ni kweli. Anavuka kwa miguu na watoto watatu wanaokwenda chuoni. Yuko dereva wa bodaboda aliyeacha shule darasa la nne. Hao nao wanatumia njia. Huko New Zealand Bwana Brown angeweza kusema, walau kwa sehemu, kwamba Kiingereza kinafahamika na wote. Hapa kwetu hata hilo halisemeki.

Ikiwa siku moja tutaomba vibao vyetu viandikwe kwa lugha mbili, na tungependa siku hiyo ije, basi atatokea mtu wa kuuliza kama si hatari. Tunawaomba vijana wetu wasimrukie. Swali lake litakuwa na uzito hapa kuliko huko, kwa sababu maneno yetu ni marefu: pale Kiingereza kinapotumia silabi moja, sisi tunasema punguza mwendo, silabi 5. Itabidi tukae tuchague. Polepole ni fupi kidogo na kila mtoto wa Pwani analijua. Neno la barabara iliyofungwa, inayokupeleka kando, vitabu vinasema mchepuko. Tumejaribu kuwauliza akina mama baada ya darsa mchepuko ni nini, na majibu tuliyoyapata hatuwezi kuyachapa yote katika ukurasa wa familia. Mmoja wao akatuuliza kwa nini tusiandike tu pitia huku, tukachora na mshale.